Mafia Badala ya Unguja: Mwongozo Kamili wa Kuchagua na Kupanga Safari

Kila msimu wapo wasafiri wanaoamua kuiacha Unguja na msongamano wake wakaenda Mafia, kisha wakarudi na malalamiko yale yale. Walikuta mikoko mahali walipotarajia ufukwe mpana. Walifika mwezi ambao papa potwe, samaki wakubwa wanaowavuta wageni Mafia, hawaonekani. Fedha taslimu ziliwaishia siku ya tatu, na siku ya kuondoka chombo hakikutoka bandarini, hivyo ndege ya kuwarudisha makwao ikaruka bila wao.

Malalamiko hayo ni ya kweli, lakini karibu yote yana chanzo kimoja: safari ya Mafia ilipangwa kama safari ya Unguja. Unguja ina vyombo vingi, hoteli nyingi na fukwe nyingi, kwa hiyo aliyekosea jambo leo hulirekebisha kesho. Mafia haina nafasi hiyo ya kurekebisha. Upepo, maji na njia ya kurudi ndivyo vinavyotawala ratiba, na anayevitanguliza katika mpango wake hupata mojawapo ya safari nzuri kuliko zote katika pwani ya Tanzania. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa utaratibu huo, na ni vyema zisirukwe.

## Mahitaji kabla ya kuanza

Kusanya vitu hivi kwanza, kwa kuwa kila hatua inategemea kimojawapo:

- Kalenda inayoonyesha mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kalenda ya Kiislamu ya ukutani inatosha kabisa.
- Jedwali la kupwa na kujaa kwa maji la Dar es Salaam, Unguja au Mafia kwenyewe.
- Utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), utakaoufuata katika wiki ya safari.
- Namba za simu za nyumba mbili au tatu za kulala wageni, ili uulize maswali kwa sauti badala ya kutegemea picha.
- Kitambulisho cha taifa kwa Mtanzania, au pasi ya kusafiria yenye viza kwa mgeni. Wageni kutoka nje na raia hutozwa viwango tofauti vya ada, na asiye na kitambulisho hawezi kudai kiwango cha raia.
- Fedha taslimu za shilingi, na laini ya simu iliyosajiliwa yenye huduma ya pesa.
- Begi laini lisilo na magurudumu, tochi, viatu vya kuvaa majini, fulana ya mikono mirefu ya kuogelea, na miwani ya kuogelea inayokukaa vizuri usoni.
- Chandarua au uhakika kwamba chumba kina chandarua, pamoja na dawa ya kujikinga na malaria uliyoandikiwa na daktari. Malaria ipo Mafia.
- Bima ya afya au ya safari inayolipia kusafirishwa kwa ndege hadi Dar es Salaam. Hospitali ya wilaya ipo Kilindoni, mji wa Mafia, lakini majeraha mazito na maradhi makubwa hutibiwa bara.

Usipakie mifuko ya plastiki. Imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na katazo hilo linawahusu wageni pia.

## Hatua ya 1: Andika unachokitaka kabla ya kutaja kisiwa

Chukua karatasi uandike mambo matatu ambayo, ukiyakosa, utasema safari imeharibika. Yaandike kwa vitendo. "Kupumzika" haitoshi, andika "kuogelea mbele ya hoteli wakati wowote wa mchana", au "kuzamia kwa mtungi mara mbili kwa siku", au "kukaa mahali pasipo na muziki usiku".

Sasa pima orodha yako kwa ukweli. Ikiwa jambo la kwanza ni kuogelea ufukweni saa yoyote, nenda Nungwi au Kendwa, kaskazini ya Unguja, ambako maji hayaendi mbali yanapopwa. Ikiwa unataka kuteleza juu ya maji kwa tiara ya upepo, Paje ndiyo mahali pake. Ikiwa unataka mikahawa, maduka na matembezi ya mjini hadi usiku, Mji Mkongwe hauna mshindani katika visiwa hivi. Hakuna aibu yoyote katika kuchagua mahali maarufu kwa sababu ndipo penye kitu unachokihitaji, na ningependa kumwona msomaji akifurahi Nungwi kuliko kumwona akinung'unika Utende, kijiji cha Mafia chenye hoteli nyingi.

Mafia inamfaa mtu ambaye orodha yake inaanzia chini ya maji au inaishia kwenye utulivu. Kuna papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, anayekuja kula karibu na Kilindoni. Kuna matumbawe ya Ghuba ya Chole, yaliyo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, hifadhi ya kwanza ya aina hiyo nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995. Kuna kasa wanaoanguliwa katika fukwe za kisiwa cha Juani, popo wakubwa wala matunda wanaoning'inia mitini katika kisiwa cha Chole, na vijiji ambavyo mgeni anapita akiamkiwa bila kufuatwafuatwa na wauzaji.

Kile ambacho Mafia haina, kwa sehemu kubwa, ni ufukwe mpana mweupe mlangoni pa chumba. Pwani ya Utende, ambako hoteli nyingi zimejengwa, ina mikoko na vipande vifupi vya mchanga. Mchanga mweupe unaouona katika picha nyingi uko kwenye mafungu yanayofikiwa kwa boti.

Hatua hii imekamilika pale unapoweza kumweleza mwenzako kwa sentensi moja kwa nini unakwenda Mafia, na sentensi hiyo haina neno "ufukwe" wala neno "rahisi".

## Hatua ya 2: Chagua mwezi kwa kufuata upepo

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo soma polepole. Katika safari ya Unguja mwezi hubadilisha bei na idadi ya watu. Katika safari ya Mafia mwezi unabadilisha kile utakachokiona.

Oktoba hadi Februari. Huu ndio msimu wa papa potwe, nao huonekana hadi Machi katika miaka mizuri. Wanafuata viumbe wadogo sana na dagaa, ambao huongezeka kwa sababu Mafia imekaa mbele ya delta ya Mto Rufiji, na mto huo unamwaga baharini virutubisho vingi kutoka bara. Mwanzoni mwa kipindi hiki upepo huwa wa tangambili, yaani wa kipindi kilicho kati ya kusi na kaskazi, bahari inatulia na maji yanakuwa safi, jambo linalowafaa sana wazamiaji wanaotaka kutoka nje ya ghuba. Mvua za vuli hunyesha katikati, hasa Novemba na Desemba, lakini mara nyingi hazizuii safari za asubuhi. Kaskazi huanza kuvuma kwa nguvu kuanzia Desemba.

Juni hadi Septemba. Kusi linavuma, hewa ni ya baridi kidogo na mvua ni chache. Papa potwe huwa vigumu kuwaona juu ya maji, na mzamiaji hubaki zaidi ndani ya Ghuba ya Chole, kwa kuwa nje ya mwamba kunachafuka. Lakini huu ndio wakati mzuri wa kuwaona watoto wa kasa wa kijani wakitoka mchangani Juani, na nyangumi wenye nundu hupita katika bahari kuu ya mashariki wakitoka kusini kuja kuzaa.

Mwishoni mwa Machi hadi Mei. Masika. Barabara za vijijini zinakuwa tope, hoteli kadhaa hufungwa Aprili na Mei, na bahari haitabiriki. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitua Mafia kwenyewe. Vimbunga ni nadra sana katika pwani yetu, lakini sioni sababu ya kumshauri mtu akatumie likizo yake ya mwaka katika miezi hii.

Kuna jambo jingine linalosahauliwa na wageni, na hata na Watanzania wengi wa bara: Ramadhani. Wakazi wengi wa Mafia ni Waislamu, na katika mwezi huo migahawa ya Kilindoni hufungwa mchana. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza katika nusu ya kwanza ya Februari, ndani ya msimu wa papa potwe. Huhitaji kuikwepa. Unahitaji kulala mahali panapopikia wageni, kutokula wala kunywa hadharani mchana, na kukubali kwamba jioni mabaharia watataka kuwahi nyumbani kufuturu. Futari ya Mafia, ukialikwa, ni jambo la kulikubali kwa mikono miwili.

Tahadhari: usimwamini mtu anayekuahidi papa potwe wa Julai. Uliza nyumba mbili tofauti swali hili hili: "Wiki hiyo ya mwaka jana mliwaona mara ngapi?" Mwenyeji mkweli atakujibu kwa kutaja siku, na asiyejua atakujibu kwa kusifia bahari.

## Hatua ya 3: Linganisha tarehe zako na bamvua

Ukishapata mwezi, tafuta wiki. Katika pwani hii tofauti kati ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, hupita mita 3, na kwa kuwa Ghuba ya Chole ina kina kifupi katika sehemu nyingi, tofauti hiyo ndiyo inayoamua boti itatoka saa ngapi, itafika wapi, na utatembea majini umbali gani ukiwa umebeba viatu mkononi.

Kanuni ni nyepesi. Bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yaani kama tarehe 1 hadi 3 na tarehe 15 hadi 17 za mwezi wa Kiislamu. Siku hizo maji hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kabisa kiasi cha saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata, nyakati hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Baada ya wiki moja hivi unafika kwenye maji mafu: bahari hujaa katikati ya asubuhi, na haipwi sana.

Chagua kulingana na orodha yako ya hatua ya kwanza:

Anayetaka kusimama juu ya fungu la mchanga, kama lile la Marimbani, aje siku za bamvua, kwa sababu fungu hutokeza vizuri katikati ya asubuhi na mwanga unakuwa mzuri. Anayetaka kupita kwa mtumbwi kati ya mikoko, au kuogelea mbele ya hoteli asubuhi, aje siku za maji mafu. Mzamiaji anayetaka mlango wa Kinasi, yaani mkondo unaounganisha ghuba na bahari kuu, azingatie mambo mawili: maji yanapoingia huleta maji safi ya bahari kuu, na yanapotoka huleta uchafu wa ghuba, na wakati wa bamvua mkondo huo una nguvu ambayo si ya mwanafunzi wa kuzamia.

Papa potwe hawategemei hesabu hii kwa kiasi hicho, kwa kuwa wanaonekana upande wa magharibi, mbele ya Kilindoni.

Ukiwa na siku sita au saba, anza safari siku za bamvua umalizie kwenye maji mafu, nawe utapata vyote viwili. Umefaulu hatua hii ukiwa na karatasi inayoonyesha kila siku ya safari yako na saa ya maji kujaa na kupwa. Mpe karatasi hiyo mwenyeji wako. Atakuheshimu tangu siku ya kwanza.

## Hatua ya 4: Amua njia ya kuvuka, kwenda na kurudi

Njia ni mbili.

Ndege. Ndege ndogo za abiria kumi na wachache huruka kutoka Dar es Salaam hadi uwanja wa Kilindoni kwa muda wa dakika 30 hadi 40, na zipo pia safari zinazoiunganisha Mafia na Unguja. Mzigo unaoruhusiwa kwa kawaida ni kilo 15, katika begi laini, kwa sababu sehemu ya mizigo ni finyu na begi gumu halipindiki. Mwenye vifaa vya kuzamia aulize mapema kuhusu kulipia kilo za ziada, au aviache nyumbani akodishe huko.

Barabara na bahari. Panda basi kutoka Mbagala Rangi Tatu kufuata Barabara ya Kilwa, pita Mkuranga hadi Bungu, kisha mchepuko unaoelekea Nyamisati, bandari iliyo ndani ya mikoko ya delta ya Rufiji. Kutoka hapo kuna kivuko cha MV Kilindoni kinachoendeshwa na TEMESA, wakala wa serikali, pamoja na boti za watu binafsi. Njia hii ni nafuu sana ukilinganisha na ndege, na wenyeji wengi huitumia, lakini ratiba yake hufuata maji na hali ya bahari. Wasafiri wengi hulazimika kufika Nyamisati jioni na kulala hapo ili wawahi chombo cha alfajiri.

Ushauri wangu kwa anayesafiri mara ya kwanza ni huu: nenda kwa bahari ukipenda, lakini rudi kwa ndege. Wakati wa kwenda, ukichelewa siku moja, unapoteza siku moja ya likizo. Wakati wa kurudi, siku hiyo moja inaweza kukugharimu tiketi ya kimataifa au kazi.

Kwa chombo chochote cha majini, shika masharti manne bila kubembelezwa. Kuwe na jaketi okozi kwa kila abiria, nawe lako livae. Jina lako liandikwe katika orodha ya abiria. Usipande chombo kilichojaza kupita kiasi, hata kama wengine wote wamepanda. Na usivuke siku ambayo TMA imetoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi yanayozidi mita 2, hata nahodha akikuambia kwamba amezoea. Watu wengi wamepoteza ndugu katika bahari hii kwa kuona haya kushuka chomboni.

Jambo la lazima: acha usiku mmoja mzima kati ya kutoka Mafia na ndege yako ya kimataifa. Ulale Dar es Salaam, au Unguja kama ndiko unakoondokea. Mgeni wa nje anayepitia Unguja akumbuke pia bima ya lazima ya Zanzibar, ambayo tangu tarehe 1 Oktoba 2024 ni dola 44 kwa mtu mzima, na inahitajika hata kama ana bima nyingine.

## Hatua ya 5: Chagua upande wa kulala

Kisiwa kikuu kina urefu wa kiasi cha kilomita 50, na usafiri wa ndani ni wa bodaboda, bajaji na magari machache. Kwa hiyo mahali unapolala ndipo shughuli zako zitakapoanzia.

Kilindoni ni mji. Kuna soko, bandari, uwanja wa ndege, gesti za bei nafuu na chakula cha mtaani. Boti za kuwafuata papa potwe huanzia hapa, na mji uko nje ya mipaka ya hifadhi.

Utende uko upande wa pili, kiasi cha kilomita 15 kwa barabara ya lami, ukitazama Ghuba ya Chole. Hapa ndipo penye vituo vya kuzamia na hoteli nyingi. Barabara hiyo inapita kwenye lango la hifadhi, na ada hulipwa hapo kwa kila siku unayokaa.

Chole ni kisiwa kidogo kisicho na magari, mbele ya Utende, kinachofikiwa kwa mashua. Analala hapo mtu anayetaka ukimya wa kweli, na ambaye hatasumbuka kusubiri maji yajae ili avuke.

Mtu mwenye siku tano angefanya vyema kulala usiku mbili Kilindoni na tatu Utende. Anapunguza ada, anawahi papa potwe asubuhi bila kuvuka kisiwa, na anauona mji, ambao wageni wengi huupita kwa gari bila kushuka.

Unapopiga simu kuulizia chumba, uliza: Je, kuna jenereta au sola umeme ukikatika? Je, bei inajumuisha chakula cha jioni? Je, boti ni yenu au ya kukodi? Na hakikisha unazungumzia kisiwa sahihi, kwa kuwa kuna Bwejuu ya Mafia na kuna Bwejuu ya Unguja, kijiji cha watalii karibu na Paje. Mtu anayetafuta chumba kwa jina hilo peke yake anaweza kulipia kisiwa kingine.

## Hatua ya 6: Piga hesabu kamili ya fedha

Mafia si lazima iwe nafuu kuliko Unguja. Vyumba vya Kilindoni ni nafuu, lakini ndege, ada ya hifadhi ya kila siku na boti huongeza gharama haraka, kwa sababu watoa huduma ni wachache na mafuta yote huletwa kutoka bara.

Chora safu nne: nauli ya kwenda na kurudi, malazi na chakula, ada ya hifadhi mara idadi ya siku, na safari za baharini. Katika safu ya mwisho, uliza kama bei ni ya mtu au ya chombo. Boti ya watu sita ikilipwa na wawili inakuwa mzigo, kwa hiyo mwombe mwenyeji akuunganishe na wageni wengine, na uwe tayari kubadilisha siku ili hilo liwezekane. Ada za hifadhi hubadilika, nazo hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Dai risiti, uitunze, kwa kuwa unaweza kuulizwa tena ukiwa ndani.

Mashine za kutolea fedha ni chache na ziko Kilindoni, na kadi hazikubaliki sehemu nyingi. Beba taslimu ya kutosha nusu ya safari, na nusu nyingine iwe kwenye simu. Kisha ongeza gharama ya siku mbili za ziada ambazo hukuzipanga. Hesabu ikitimia pamoja na siku hizo mbili, endelea. Isipotimia, punguza siku za safari badala ya kuondoa akiba.

## Hatua ya 7: Panga siku, kubwa kwanza

Weka papa potwe asubuhi ya kwanza kabisa inayowezekana. Huyu ni mnyama wa porini, na hakuna nahodha anayeweza kumwita. Ukimtafuta siku ya kwanza ukamkosa, unazo asubuhi nyingine. Ukimweka siku ya mwisho ukamkosa, safari imekwisha. Tenga angalau asubuhi mbili, na tatu ni bora zaidi.

Kuzamia kwa mtungi kuje katikati. Mzamiaji aache saa 18 kamili kati ya kutoka majini mara ya mwisho na kupanda ndege, hata hizi ndogo zinazoruka chini. Hewa ya naitrojeni iliyobaki mwilini hupanuka mtu anapopanda juu, na inaweza kumlemaza. Kama ndege yako ni saa nne asubuhi, hakuna kuzamia siku nzima ya kabla yake, isipokuwa uwe umetoka majini kabla ya saa kumi jioni.

Siku hiyo iliyobaki wazi itumie Chole na Juani. Tembelea magofu ya mji wa kale wa Kua, Juani, watazame popo wa Chole jioni wanapoamka, na waone mafundi wa mashua wakiwa kazini, kwa kuomba ruhusa kwanza. Kama ni msimu wa kasa, muulize mwenyeji kila jioni kama kuna kiota kinachotarajiwa kuanguliwa kesho, kwa kuwa wanaolinda viota huhesabu siku tangu mayai yalipotagwa na hukadiria vizuri.

## Hatua ya 8: Mwenendo majini na vijijini

Kwa papa potwe, ingia majini taratibu bila kuruka. Kaa ubavuni mwake, angalau mita 3, na mbali zaidi na mkia. Usimguse, usimkatie njia, usitumie mwanga wa kamera. Boti yako ikimfukuza kwa kasi, mwambie nahodha apunguze mwendo. Wewe ndiye unayelipa, na mnyama akisumbuliwa huzama asionekane tena na yeyote asubuhi hiyo. Vaa fulana ya mikono mirefu badala ya kujipaka mafuta mengi ya jua ambayo yataishia baharini.

Kwenye matumbawe, usisimame juu yake kamwe. Ukichoka, lala chali uelee. Tumbawe lililovunjwa na unyayo mmoja huchukua miaka mingi kukua tena, na wavuvi wa visiwa vya Jibondo na Chole wanaishi kwa samaki wanaozaliana humo.

Vijijini, funika mabega na magoti, wanaume kwa wanawake; nguo za kuogelea zibaki kwenye boti na hotelini. Waamkie wakubwa kwa shikamoo kabla ya kuuliza njia. Piga picha ya mtu baada ya kukubaliwa, na usigawe fedha wala peremende kwa watoto njiani. Kama unataka kusaidia, nunua samaki, mkeka au nazi kwa bei ya haki.

Utajua umefanya vyema pale watu watakapokuuliza unatoka wapi na familia yako haijambo, badala ya kukuuliza unanunua nini.

## Hatua ya 9: Siku mbili kabla ya kuondoka

Piga simu kuthibitisha ndege au chombo, hata kama tiketi unayo, kwa kuwa safari za ndege ndogo huunganishwa na saa hubadilishwa. Soma utabiri wa bahari wa siku tano zijazo. Lipa madeni yote ya hoteli na boti kabla ya usiku wa mwisho, ili umeme au mtandao ukikatika asubuhi usikwame kwenye malipo.

Aliyepanga kurudi kwa kivuko na akasikia tahadhari ya upepo asisubiri hadi asubuhi ya safari kutafuta kiti cha ndege. Viti ni vichache, na siku ambayo bahari imechafuka kila aliye bandarini Kilindoni huvitafuta hivyo hivyo. Piga simu siku hiyo hiyo ya tahadhari, na ukikosa nafasi, omba jina lako liwekwe katika orodha ya kusubiri, kisha fika uwanjani mapema ukiwa na begi lako la kilo 15 na kitambulisho mkononi.